Kwa afisa uvuvi mpya unayekuja mwaloni

Barua yako ya kupangiwa kazi itakueleza kituo, mshahara na siku ya kuripoti. Haitakueleza kwamba mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hakuna Jumatatu. Mimi ilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa hilo, na nakuandikia ili wewe usiupoteze mwaka huo.

Nimezaliwa na kukulia Lushoto, milimani, na Ziwa Victoria nililiona mara ya kwanza nikiwa tayari na cheti cha uvuvi mkononi. Mkutano wangu wa kwanza niliuitisha Jumatatu saa nne asubuhi, tuzungumze habari za kokoro, wavu wa kuvuta uliopigwa marufuku, na za sangara wanaovuliwa kabla hawajafika sentimita 50. Walikuja watu watano, wawili kati yao wauza chai. Nikaandika kwenye ripoti kwamba wavuvi wa pale hawana mwitikio. Maneno hayo nayajutia mpaka leo, kwa sababu hayakuwa kweli. Kilikuwa kipindi cha giza, yaani cha usiku usio na mbalamwezi, basi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi zimeingia taa za sola na za betri, lakini kazi ni ileile: mwanga unamvuta dagaa, naye anafuata. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linang'aa na taa yako haina nguvu tena. Ndiyo maana kwenye giza watu hukesha majini, hurudi alfajiri, hushusha mzigo, kisha hulala. Saa nne asubuhi kwako ni saa ya kazi, kwao ni usiku wa manane. Mbalamwezi ikifika ndipo nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, na tajiri anakaa na wavuvi wake kupiga hesabu. (Neno tajiri lisikuchanganye. Huku ni mwenye mtumbwi na nyavu, hata kama anadaiwa kila duka.) Wengine hupanda magari na maboti kwenda kuona watoto Magu, Sengerema au Ukerewe, kwa hiyo wawahi kabla hawajaondoka. Mikutano yangu yote siku hizi naipanga kwa mwezi wa angani, na michango naiomba baada ya hesabu. Ukimwomba mvuvi fedha katikati ya giza unamdai mtu ambaye jasho lake bado liko kwenye daftari la mwenzake.

Jambo la pili ni salamu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mwalo una watu wa kila kabila: Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Wahaya, Wajaluo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, na shikamoo inafika kila mahali. Lakini ukimwambia mzee wa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" jioni, na ukipewa kitu ukasema "wabeja", utaona uso unavyofunguka. Usiishie kwenye neno moja. Ataulizwa mama yako, wataulizwa ndugu zako, itaulizwa mvua ya kwenu. Nilikuwa nadhani hayo ni maneno ya kupitisha kabla ya kazi. Sasa naamini ndiyo sehemu ya kazi yenyewe, maana hapo ndipo mtu anapopima kama wewe ni mtu wa kuambiwa ukweli.

Kwa upande mwingine, Kiswahili cha huku ni cha moja kwa moja. Sisi tuliokulia mkoa wa Tanga tumezoea "naomba", "samahani", "tafadhali". Mwanza mtu atakuambia "nipe hiyo kalamu" na hajakukosea adabu hata chembe. Adabu yake iko kwenye kuinama anapokusalimu, kwenye kukupisha kiti, kwenye kutokuacha uondoke bila kula. Wiki zangu za kwanza nilinung'unika sana kuhusu hili, na lilinifanya nijitenge na watu wema. Halafu usimwigize mtu lafudhi yake, wala usimwite kila mwanaume "Ngosha" kwa kumcheka. Neno hilo maana yake ni mwanaume tu. Wenyewe kwa wenyewe wanaitana kwa mapenzi, lakini kinywani mwa mgeni linaweza kuwa dharau.

Sasa niseme kosa langu kubwa. Tulikuwa tunahimiza akina mama waanike dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani. Hoja ni nzuri: dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga, hewa inapita chini na juu, na mnunuzi wa soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, akichota kiganja na kukisugua anajua mara moja alichoshika. Nilisimama mwaloni mchana, watu wamejaa, nikawaambia akina mama kwamba kuanika chini ni uchafu na kwamba wanawalisha watu uchafu. Walinisikiliza kimya. Mmoja akasema, "Sawa, tumesikia." Nikarudi ofisini nimefurahi.

Miezi minne baadaye hakukuwa na chanja hata kimoja.

Mama mmoja, mtu mzima, ndiye aliyenifungua macho, tukiwa nyumbani kwake tunakula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Aliniambia taratibu: "Mwanangu, siku ile mkwe wangu alikuwa amesimama pale. Umeniita mchafu mbele ya mkwe wangu." Kama hujui heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mkwe wake kwa Wasukuma, ulizia kabla hujasimama mbele ya watu. Wanalindana, hawakaribiani hovyo, na aibu ya mmoja mbele ya mwingine haisahauliki upesi. Ndipo akaniambia na mengine ambayo mkutanoni yasingesemwa kamwe: miti ya chanja inanunuliwa, nyavu za kutandika nazo zinanunuliwa, na mchanga wenye jua hukausha mapema, jambo kubwa kwa mtu anayeliogopa wingu la mchana. Hizo zilikuwa hoja. Nami nilikuwa nimezijibu kwa tusi kabla sijazisikia.

Nilimwomba radhi, kwanza yeye peke yake, kisha mbele ya wenzake, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele yao. Tukajenga chanja kimoja uani kwake, kwa miti tuliyochangia. Aliupeleka mzigo wake Kirumba yeye mwenyewe, na aliporudi aliwasimulia wenzake bei aliyopata. Mimi sikuongeza neno.

Hivyo jifunze kuyasikia majibu. "Tumesikia" maana yake ni tumesikia. "Tutaona" mara nyingi ni hapana iliyofunikwa ili usiumie. "Mwenyekiti atatuambia" maana yake umemruka mtu, rudi ukaanze kwake. Kukubali kunatambulika kwa maswali: zinagharimu kiasi gani, nani atashika fedha, mvua ikinyesha tunafanyaje. Ukiona mkutano unabishana juu ya nani atashika fedha, tulia, kazi imeanza.

Kuna mambo ambayo mgeni hapaswi kuyachokonoa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na kufika Mwanza, na pale Igoma yapo makaburi ya waliofariki. Kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimekaribia gati la Ukara. Unaokaa nao hapa walizika ndugu. Ukipangiwa visiwani usianze kuulizia ajali hizo kwa udadisi. Siku mtu akitaka kukusimulia atakusimulia, na wewe utanyamaza usikilize. Vivyo hivyo ukikuta mtumbwi haujarudi. Mwaloni kwetu ilipotokea, hakuna aliyekwenda kuvua mpaka mwenzao alipopatikana, ingawa lilikuwa giza zuri na kila mmoja ana deni. Siku hiyo nilikuwa na ratiba ya ukaguzi wa nyavu. Niliifunga, nikakaa na waliokaa, nikatoa rambirambi yangu kama wengine, nikabeba maji. Baada ya msiba ule watu wawili walinifuata wenyewe kunieleza ni wapi kokoro linavutwa usiku.

Yule mama bado anaanika kwenye chanja, siku hizi ana vitatu. Nikipita kwake haulizi kwanza kilichonileta. Ananiuliza mama yangu wa Lushoto anaendeleaje na mguu, nami namjibu kwa urefu, kisha analeta kigoda ndipo tunazungumza habari za dagaa.