Rocky anaongea kama bibi yangu

Mhariri za saa hizi. Wiki hii mmeuliza ni kitabu gani msomaji amekisikiliza badala ya kukisoma, na je sauti iliongeza kitu au iliharibu. Hilo swali ni langu jamani. Mi ni fundi cherehani, niko Morogoro, kuanzia saa mbili asubuhi macho yako kwenye sindano na mikono iko kwenye kitambaa, kilichobaki huru ni masikio tu, na haya masikio yameshamaliza vitabu ambavyo kwa kusoma nisingevigusa maishani. Karibu vyote ni vya mambo ya anga, uchawi na viumbe visivyokuwepo, maana hadithi za mapenzi na mirathi nazipata bure kwa wateja wanaokuja kupimwa.

Basi kitabu changu ni Project Hail Mary cha Andy Weir, kilitoka 2021, anayesoma anaitwa Ray Porter. Mwalimu wa shule anaitwa Grace anazinduka ndani ya chombo cha anga, jina lake mwenyewe halikumbuki, wenzake wawili wamekufa vitandani, na kidogo kidogo anakumbuka kwamba kuna vijidudu vinanyonya nguvu ya jua letu na yeye katumwa kwenye nyota nyingine kutafuta dawa. Huko anakutana na kiumbe wa sayari nyingine, anampa jina Rocky. Yuko kama buibui wa jiwe, miguu mitano, macho hana kabisa. Anaona kwa sauti! Yani dunia yake yote inaingilia kwenye usikivu, na mimi hapa na eafoni zangu nikasema haya, nimepata mwenzangu.

Sasa huyu Rocky haongei maneno, anatoa milio, kama mtu anabonyeza kinanda sehemu kadhaa kwa pamoja. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kile cha kusoma, wamechora vinoti vya muziki, nikamwambia hapa mmepunjwa. Kwenye kusikiliza unaisikia ile milio yenyewe. Mwanzoni huelewi chochote na Grace naye haelewi, mko sawa, afu anaanza kutengeneza kamusi kwenye kompyuta neno moja moja, milio inaanza kupata maana, mpaka inafika siku jamaa haangalii tena kompyuta kwa sababu sikio limeshazoea, na mimi hapo nilikuwa naungia zipu nikagundua na mimi naitambua sauti ya Rocky kabla hajataja kitu. Hicho karatasi haiwezi kukupa, tusidanganyane.

Na kuna kitu kinanichekesha mpaka leo. Rocky akiuliza anamalizia na neno swali huko mwishoni, yani ni kama aseme umekula, swali. Akifurahi anarudia neno mara tatu. Naona watu wanasema ni lugha ya ajabu sana ya viumbe wa angani, mi nikasema huyu si bibi yangu wa Matombo huyu? Sisi tuna je yetu ya kutangulizia swali, na kurudia maneno ndo kwao na Kiswahili, polepole, sanasana, mbalimbali, na bibi akikwambia ni mbaaali anaivuta mpaka unachoka kabla hujafunga safari.

Huyo bibi ndo kanifundisha kusikiliza. Hadithi hadithi, tunaitikia hadithi njoo, afu mdomo mmoja usio na meno unakuwa sungura, unakuwa fisi, unakuwa zimwi lililommeza mtoto, na hakuna aliyewahi kuuliza mbona zimwi lina sauti ya bibi. Kwa hiyo hapa najua nitapingwa lakini sizipendi zile rekodi za vitabu za waigizaji kibao, farasi wanakimbia, mapanga yanagongana, radi juu yake muziki. Kwanza nikiwasha ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa, sijui nani kafa. Pili wakishaweka mlio wa mlango wanakata ile sentensi aliyoandika mwandishi kuhusu mlango, na mi nilikuja kwa ajili ya ile sentensi. Mchezo wa redio ni kitu kingine, usichanganye. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walikuwa wameandikiwa sikio tangu mwanzo. Hata The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya Douglas Adams, hadithi ya kuchekesha ya anga, ilianzia kwenye redio ya BBC 1978, kitabu kikafuata 1979, ndo maana ukiisikiliza inateleza tu.

Sauti ya pili ninayoiheshimu ni ya dada mmoja Mmarekani, Robin Miles. Yeye ndo kasoma Binti ya Nnedi Okorafor, hii ni fupi, masaa mawili na nusu, gauni moja la kitenge na limeisha. Binti ndo jina la msichana mwenyewe, Mhimba wa Namibia, mkali wa hesabu, anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu kilichopo sayari nyingine, wa kwanza kwa watu wake. Umezoea kwenye hivi vitabu majina ya kuvunja meno, afu ghafla katikati ya Kiingereza mtu anaitwa binti, niligeuka nikidhani mama wa genge ananiita.

Huyohuyo Robin kasoma The Fifth Season ya N.K. Jemisin. Huyu mama vitabu vyake vitatu vya mfululizo vilichukua Hugo, ile tuzo kubwa ya vitabu vya mambo ya anga na uchawi, 2016, 2017 na 2018, vyote vitatu. Sehemu kubwa ya cha kwanza inamsemesha msikilizaji, wewe umefanya hivi, wewe umemkuta mwanao mdogo amekufa na aliyemuua ni baba yake. Kwenye karatasi labda unaona ni mtindo tu wa kuandika. Kwenye sikio mtu anakwambia wewe. Siku ile nilishona mkono wa blauzi nje ndani, mteja kafika kanikuta machozi yananitoka akadhani nimefiwa, nikashindwa hata pa kuanzia kumwelezea. Ila nikiri hiki kilinitesa pia, maana cha karatasi kina ramani mwanzoni na kamusi ya maneno nyuma, mi niko hewani bila ramani, na huwezi kurudisha ukurasa mikono imejaa pini. Nilikirudia chote mara ya pili ndo nikaelewa nani ni nani.

The Way of Kings ya Brandon Sanderson ni masaa 45, wanasoma mtu na mkewe, Michael Kramer na Kate Reading. Nzuri, ila bando. Kudaunlodi subiri usiku.

Watu wanajisifia wanasikiliza spidi mbili, mi naweka 0.9 na sioni aibu, Kiingereza changu ni cha kidato cha sita na cha kuungaunga.

Ndo maana nataka cha Kiswahili, na kitu ninachokitaka hakimo kwenye simu yangu. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iko huko hewani, na ukikitazama vizuri ni mtu mmoja, Karama, amesimama barazani anajitetea kwa kusimulia wajumbe waliotumwa pande zote mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na habari njema wakafungwa. Kitabu kizima ni mtu anaongea mbele ya watu wanaosikiliza! Nipeni msomaji mmoja, mtu mzima, sauti imechoka kidogo, asiwe yule wa matangazo ya vocha, na msiniwekee muziki. Nina sare za shule 40 za kumaliza kabla ya Januari na muda wa kusikiliza ninao.