Kabla hamjaomba mabasi manne, someni hapa

Mkuu, weka kalamu chini. Umeuliza kama ruzuku ya serikali muimalizie yote kwenye mabasi manne mapya, vituo vya kusubiria mviweke wapi, na maoni ya wananchi mkusanyeje. Halafu mwishoni ukachomekea "uendeshaji utajilipa kwa nauli". Hapo ndipo nimekuja mbio.

Maneno hayohayo aliyatuuzia mshauri elekezi kwenye kamati yetu ya usafiri. Alikuja na slaidi za rangi, akaondoka na malipo yake kamili. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, mimi pembeni natabasamu kama bwana harusi. Kumbe ruzuku ni fedha ya maendeleo, haigusi mshahara wala mafuta! Yeye alijua. Ilikuwa kwenye kiambatisho.

Piga hesabu ambayo hakutupigia. Mzunguko wa dakika 60, yaani basi kwenda na kurudi lilipoanzia, basi kila dakika 15, unataka mabasi 4. Sawa. Foleni ikiuvuta ufike dakika 80, mabasi yaleyale yanapita kila dakika 20. Moja likiingia gereji, na litaingia tu, yanabaki 3 na abiria anasubiri karibu dakika 27. Kwenye bango bado imeandikwa 15. Njoo kwa madereva: mabasi 4, zamu mbili kwa siku, siku saba, ni zamu 56 kwa wiki. Kila dereva akifanya zamu 5, unahitaji madereva 12, na hapo hajaugua mtu. Bwana yule alituandikia wanane. Nadhani Jumapili alipangia malaika.

Asubuhi basi linajaa, mchana linazunguka na viti vitupu na mafuta yanaungua vilevile. Tukakata safari za usiku, kisha za wikiendi. Abiria wakahama, mapato yakashuka tena. Basi moja likageuka stoo ya vipuri: leo linang'olewa taa, kesho mlango.

Na msilewe matangazo. Uingereza ilitangaza mkakati wa mabasi wa pauni bilioni 3 mwaka 2021, halmashauri zikakesha kuandika mipango. Aprili 2022 maeneo yaliyotajwa kupata fungu la mipango hiyo yalikuwa 31. Wengine wakabaki na makabrasha.

Kwa hiyo maombi yasitoke mpaka mwenye fungu aandike barua, yenye kiasi, sahihi na muhuri, kwamba mwaka wa pili na wa tatu nani analipa dereva, mafuta na matengenezo. "Tutaangalia" siyo barua. Akigoma, ombeni njia maalumu ya mabasi pale penye foleni. Mzunguko ukirudi dakika 60, mabasi 3 yatapita kila dakika 20, kazi ambayo kwenye foleni inataka 4.

Halafu huyo mshauri wenu, jina lake linaanza na herufi gani? Nicheki PM.