Kompyuta nzito inapokunyamazia: anza na saa, kisha tia sikio kwenye boksi

Mwenye macho kompyuta yake ikiwa nzito, kioo humwonyesha kiduara kinazunguka, naye akajua kuwa asubiri. Sisi tusioona, tunaotumia kisoma-skrini, yaani programu inayotusomea kwa sauti yaliyo kwenye kioo, hatuna kiduara. Tuna kimya. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Hujui imekufa au inahangaika. Basi unabonyeza mara sita, na ikizinduka inatii zote sita kwa mpigo, madirisha sita yanafunguka, na uzito unazidi pale pale. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima hapa Wete na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba Darajani, kule Unguja, nikaivusha hadi Pemba kwa boti. Ndiyo ninayoandalia masomo na mitihani ya wanafunzi wangu, kwa hiyo halikuwa jambo dogo.

Kosa langu lilikuwa kukimbilia kwa fundi. Aliiwasha, akaitazama, akaniambia, "Maalim, mbona iko sawa tu?" Alikuwa anapima kwa macho, na spika hakuzichomeka. Nilipong'ang'ania, akapiga Windows upya. NVDA, ndicho kisoma-skrini changu, ikafutika pamoja na mipangilio yangu yote, nikarudi nyumbani na boksi bubu. Siku hizo sikujua kwamba Windows yenyewe ina msomaji wake, Narrator, na kwamba ukibonyeza kitufe cha Windows, Control na Enter kwa pamoja anaanza kusema. Lishike hilo kabla ya mengine yote. Usiku ule lingeniokoa.

Swali la kwanza sasa huwa ni hili: kilicho kizito ni sauti, au ni mashine? Ni vitu viwili mbali, na dawa zao ni mbali. Mimi hupima kwa saa. Bonyeza Insert na F12, NVDA itakusomea saa. Kazi hiyo haihitaji kufungua faili wala intaneti. Ikiwa saa inatajwa papo hapo lakini folda inachukua nusu dakika kufunguka, sauti yako ni salama na mashine ndiyo mgonjwa. Ikiwa hata saa inachelewa wakati kompyuta imetulia na haina kazi yoyote, anza na upande wa sauti.

Upande wa sauti una mambo machache ya kuangalia. Hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti na mara nyingine hula silabi za mwanzo, kwa hiyo jaribu za waya kwanza. Bonyeza Insert na Q, kisha uchague kuanza upya NVDA bila programu za nyongeza. Ikiwa nyepesi, mkorofi ni mojawapo ya nyongeza ulizoweka. Angalia pia kama Narrator hajabaki amewaka nyuma ya NVDA. Sauti yenyewe nayo ina uzito wake. Ile eSpeak NG inayokuja na NVDA, ambayo ina Kiswahili pia, wengi wanaikataa kwa sababu inasema kama bati. Mimi siiachi. Ni nyepesi, inaitika mara moja, na ukiizoea unaweza kuikimbiza kwa kasi ambayo zile sauti laini zinazoiga binadamu hugeuka uji.

Yangu ilikuwa mashine. Saa ilitajwa vizuri nikiwa sijafungua kitu, lakini dakika za mwanzo baada ya kuwasha hakukuwa na lolote lililoitika. Nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: nikalaza sikio kwenye boksi. Feni ilikuwa inavuma kwa utulivu. Nikapeleka kiganja nyuma panapotoka hewa, na joto lilikuwa la kawaida. Lakini chini upande wa mbele kulikuwa na mkwaruzo, krr, krr, krr, usiokoma hata nilipoondoa mikono yangu kwenye kibodi. Hiyo ni diski ya sahani, ile inayozunguka ndani yake kichwa kikikimbia huku na huku kutafuta data. Nikabonyeza Control, Shift na Escape, likafunguka dirisha la Task Manager linalotaja kazi za kompyuta, nikatembea kwa mishale, nikasikia: diski asilimia 100.

Sababu zilikuwa mbili zikisaidiana. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi zilizo wazi, ilikuwa GB 4, na ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya sahani haiwezi mwendo huo. Halafu kulikuwa na msururu wa programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta, mojawapo ikiwa ni kinga ya virusi ya ziada iliyokuwa ikichunguza faili kila mara. Hizo nilizizima mwenyewe, bila senti moja, katika sehemu ya Startup ya dirisha lile lile. Angalizo tu usije ukaizima NVDA yenyewe.

Lipo na la umeme. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010, na tofauti na enzi za majenereta ya dizeli ni kubwa, lakini umeme bado hukatika ghafla, na diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, mafaili huharibika. Niliendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ikakuta makosa na kuyarekebisha. Tangu hapo kompyuta yangu haiwaki bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika.

Lililobadilisha kila kitu ni kuondoa diski ile na kuweka SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, na kuongeza RAM ifike GB 8. Nilirudi kwa fundi yule yule, ila safari hii nilijiandaa. Kwenye menyu ya NVDA, sehemu ya Tools, kuna njia ya kutengeneza nakala ya NVDA inayotembea kwenye flashi, nami nikawa nayo mfukoni. Nikamwomba asipige Windows upya, bali ahamishe diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD, ili sauti na mipangilio yangu ije nayo. Nikachukua spika zangu, nikaketi pembeni yake mpaka akamaliza. Tulipowasha, NVDA ilinikaribisha kabla sijajiweka sawa kwenye kiti, wakati zamani ningeweza kwenda kutawadha na kurudi nikaikuta bado imenyamaza.

Kama hujanunua bado, kuna la kumuuliza muuzaji. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mitumba mingi ya zamani haikubali Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo ulizia hilo, kisha ulizia kama ndani mna SSD. Na kabla hujatoa pesa, mwambie akuwekee spika, chomeka flashi yako, washa NVDA, bonyeza Insert na F12, kisha fungua folda moja na uhesabu kimyakimya mpaka itaje jina la faili la kwanza.