Anatishia kuanika jina lako? Anza hapa

Dadangu wa Likoni, umesema unaandika kwa jina la kubuni kuhusu taka za mtaani kwenu, na sasa kuna mtu atishia kutoa jina lako na nyumba unayokaa.

Usimjibu wala usimbloki kwanza. Piga skrinishoti zinazoonyesha akaunti, kiungo, tarehe na saa, kwa sababu akishafuta huna ushahidi. Kisha ripoti polisi na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 27, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au jela miaka 10 kwa anayemsumbua mtu mtandaoni.

Sasa tafuta tundu ambalo jina lako linaweza kuvujia. Mara nyingi ni nambari ya simu: mtu akianza kukutumia pesa kwa M-Pesa, huweza kuliona jina lako hata kabla hajakamilisha. Laini ya pili haisaidii, nayo imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nambari yoyote iondoe kwenye ukurasa wako kabisa. Picha pia usipige kibarazani kwako, geti la jirani latosha kukutambulisha.

Yeye naye usimwanike, hata ukidhani umemjua. Ukikosea, asiyehusika ndiye atakayegongewa mlango usiku. Hayo majina unayoshuku wape polisi tu.