Kukiri kosa ukiwa na grin kadi: wakili lazima akuonye

Umeuliza kama wakili wa jinai anapaswa kumwambia shemeji yako mwenye grin kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) iwapo kukiri kosa kutamfukuzisha nchini. Ndiyo, anawajibika. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2010, kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikamatwa akiwa na lori lililobeba bangi. Wakili wake akamwambia asihofu, kwa kuwa amekaa nchini siku nyingi. Akakiri, kumbe kosa lile adhabu yake ya pili ni kurudishwa kwao.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Nimeona watu wakitia saini fomu ya kukiri huku wanahesabu miezi ya jela tu, na inaniuma sana. Shemeji yako asisaini kabla wakili hajamjibu waziwazi kama atafukuzwa nchini. Pale sheria isipoeleweka vizuri, wakili anatakiwa angalau amwambie kwamba hatari ipo.

Ila mahakama ya uhamiaji ni kitu kingine: ana haki ya wakili, lakini kwa kawaida serikali haimlipii. Aanze kutafuta msaada wa kisheria sasa hivi.