Akipata kiharusi, vidonge vya presha vya jirani viweke pembeni

Baba mdogo alipopata kiharusi pale nyumbani, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki, kila mtu akawa daktari. Huyu kaja na vidonge vya presha vya mama yake, yule aspirini, shangazi yuko jikoni anakoroga uji eti apate nguvu. Mi nikauliza jamani nani alimwona mzima mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi?

Sikilizeni, ubongo ni asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na akiba hauna, ni kama nyumba inayoishi kwa luku ya buku buku. Mshipa wa damu wa ubongo ukiziba, dakika chache tu nishati (ile ATP inayotengenezwa na mitokondria, vile vijitambo vya nishati ndani ya seli) imekata, pampu za kutoa sodiamu nje ya seli zinasimama, sodiamu inaingia na maji yanaifuata, seli inavimba, kalsiamu nayo inajaa na kuamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kwa ndani mpaka inapasuka. Jeffrey Saver, daktari wa ubongo wa Marekani, mwaka 2006 alikadiria mshipa mkubwa ukiziba bila tiba zinakufa seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Sasa pembeni ya hapo kuna seli zinazopata damu kiduchu, zimezima lakini hazijafa, hizo ndo za kupigania. Zikikaa kwenye dhiki hiyo muda mrefu mitokondria zinavujisha protini iitwayo saitokromu c na seli inaanza kujiua yenyewe, apoptosisi, na cha ajabu kujiua huko nako kunataka nishati, yaani iliyoishiwa kabisa inapasuka tu, yenye kidogo inajimaliza kwa utaratibu, na hiyo inaweza kwenda siku kadhaa.

Ndo maana vidonge vya jirani nilivikataa. Presha iliyopanda ndo inasukuma hiyo damu kiduchu, ukiishusha ghafla umezimaliza. Hata madaktari, kama hawampi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mara nyingi wanaiacha mpaka 220/120, wakimpa ndo wanataka iwe chini ya 185/110. Aspirini nayo isubiri CT scan (picha ya ndani ya kichwa), kwa macho huwezi kujua mshipa umeziba au umepasuka. Uji ndo kabisa, koo likiwa limelegea unaingia kwenye mapafu.

Hiyo dawa ya kuyeyusha kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, na yanahesabiwa toka alipoonekana mzima, sio mlipomkuta, kwa hiyo kama kaamka nayo semeni alilala saa ngapi. Kabla hamjatoka pigeni simu muulize CT scan inafanya kazi, sisi hospitali ya kwanza ilikuwa mbovu. Mkifika ombeni apimwe sukari haraka maana ikishuka sana inaweza kuleta dalili hizo hizo, na wodini akichemka homa mwite nesi saa hiyo hiyo, joto linazidisha matumizi ya nishati kwenye seli ambazo hazina.