Visima vya Shela kwenye ramani: safu ya chumvi haionekani

Swali: Nimepima munyu wa maji ya visima vya Shela na Lamu mjini, miligramu kwa lita, nikaingiza faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Nataka kila kisima kipate rangi kulingana na chumvi yake. Nikichagua "Graduated" (rangi kwa madaraja ya namba), safu ya chumvi haimo kwenye orodha. "Categorized" (rangi kwa kila thamani) inanipa rangi tele, karibu kila kisima na yake. Nifanyeje?

Jibu: Safu yako imesomwa kama maandishi. Seli moja tu yenye "1,200", "850 mg" au "kimekauka" inatosha kuiharibu yote. "Categorized" haijali: kila andiko kwake ni kundi.

Kwanza hifadhi leya (tabaka hilo la visima) kama GeoPackage, aina ya faili la ramani linaloharirika, maana CSV iliyofunguliwa hivyo haihaririki. Kisha kwenye "Field Calculator" unda safu mpya ya desimali, tds (kifupi cha Kiingireza cha jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), kwa fomula hii:

try(to_real(regexp_replace("chumvi", '[^0-9.]', '')))

"Kimekauka" itabaki tupu, ndivyo inavyotakiwa. Ila pitia seli za aina ya "900-1000" kabla, la sivyo utapata kisima chenye 9001000.

Sasa "Graduated" itaiona tds. Usikubali "Equal Interval" (madaraja yenye upana sawa) kwa data ya pwani. Tuseme visima vingi viko kati ya 300 na 2000, na kimoja cha ufukweni kina 9000: ukigawa mara tano, kila daraja lina upana wa 1740, na karibu mji mzima unaangukia rangi moja. Andika mipaka mwenyewe kwa kubofya daraja mara mbili. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linasema ladha huwa nzuri chini ya takriban 600, na huzidi kuharibika juu ya 1000. Anza na hiyo miwili, kisha ongeza 3000. Daraja la mwisho lipe kikomo cha 100000, kwa sababu kisima kinachovuka kikomo hutoweka kwenye ramani bila onyo lolote.

Vilivyo tupu navyo havichorwi. Badilisha kwenda "Rule-based", yaani kuchora kwa masharti (madaraja yako yatahama yenyewe), uongeze sharti "tds" IS NULL, alama ya msalaba wa kijivu. Rangi ziende kutoka hafifu hadi nzito; nyekundu na kijani kuna wasioweza kuzitofautisha. Na mji wa kale visima vimebanana, kwa hiyo weka nukta ya milimita 2, uwashe "Control feature rendering order" kwa tds, kupanda, ili chenye munyu mwingi kisifunikwe na jirani yake.